Kwa Nini Mbelwa Amevaa Gauni

Mnaniuliza kwa nini mwenzenu Mbelwa amevaa gauni na hali ana jina la babu. Kaeni basi, na anayetaka kucheka acheke kabisa kabla sijaanza.

Zamani, katika milima yetu hii, jina la marehemu lilikuwa halitamkwi. Mtu akifa, jina lake lilifungiwa vinywani mwa watu mpaka azaliwe mtoto wa kiume katika ukoo na kurithishwa. Mzazi alisimama kwenye mgongo huu wa mlima alfajiri, akaliita jina kuvuka bonde, na mtu aliyeko mgongo wa pili akaitikia. Likiitikiwa, mtoto kalipata. Lisipoitikiwa, mtoto hana jina, na mzazi ataita tena kesho.

Wasichana walikuwa na majina yao: Tulia, Vumilia, Subira. Kwa maneno mengine, maagizo.

Namkunda alifiwa na mumewe, Mbelwa, akiwa na mimba ya miezi minane. Akajifungua mtoto wa kike. Siku ya saba shemeji yake, Semboja, aliyekuwa mkubwa wa ukoo, akaja kuuliza jina.

"Chagua, shemeji. Tulia ni jina zuri."

"Nimetulia vya kutosha. Nataka jina la baba yake."

"Jina la mwanamume likikaa kwa mwanamke litachoka."

"Litachoka kwa kazi gani?"

Wakubwa wasio na jibu huwa wanatoa amri. Semboja akapeleka habari mgongo wa pili kwamba mtu yeyote asiitikie.

Namkunda hakuwa akitafuta ugomvi. Nyumbani mwake kulikuwa na jembe la mtu, kigoda cha mtu na shuka la mtu, na mtu mwenyewe hatajwi. Hata kulia alilia bila jina. Lakini kumwita mtoto hakukukatazwa. Kwa hiyo kila alfajiri, baada ya kukamua mbuzi, alisimama ukingoni akaita mara moja: "Mbelwaaa!" Bonde likanyamaza. Ng'ambo aliona moshi wa majiko na watu wakifungulia mifugo, wanamsikia vizuri tu. Akisha kuita, anarudi ndani. Ndilo neno pekee alilosema kwa sauti baadhi ya siku mpaka jioni, maana majirani nao waliona heri wapite njia ya chini.

Miaka saba ikapita hivyo. Watoto wenzake walimwita yule msichana "Yule." Yeye aliitika, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kuitikia.

Jioni moja mbuzi mmoja hakurudi. Kulipoanza kupambazuka msichana akashuka bondeni kumtafuta, akavuka kijito, akafuata alama za kwato mpaka juu ya mgongo wa pili. Mbuzi alikuwa pale anakula maharage ya watu. Alipomshika tu shingoni, akasikia sauti ya mama yake inakuja kutoka mbali, nyembamba, peke yake. Alizoea kuisikia akiwa kwenye mgongo wa kwao. Hakuwahi kuisikia kutoka upande inakoelekea.

"Mbelwaaa!"

"Abee, mama!"

Namkunda alikaa chini palepale kwenye umande.

Wakubwa walijadiliana mchana kutwa. Sheria ilitaka jina liitikiwe kutoka ng'ambo, na liliitikiwa. Ya kwamba aitikiaye asiwe mwenye jina, hakuna aliyewahi kuisema.

Jioni Semboja akaja kwa Namkunda, mara ya kwanza tangu siku ile ya saba. Hakuomba radhi, hakuwa mtu wa hivyo. Alisimama mlangoni, ameshika kofia.

"Mbelwa yupo?" akauliza.

Alilitamka polepole, kama anayejaribu jino linalouma. Marehemu alikuwa ndugu yake wa tumbo moja, na kwa miaka saba naye Semboja hakuwa amelisema.

"Yupo," Namkunda akasema. "Anafunga mbuzi. Karibu ukae."

Akakaa juu ya kigoda cha ndugu yake.

Na tangu siku hiyo, huku kwetu mtoto hupewa jina bila kuulizwa ni wa kike au wa kiume, na anayetumwa ng'ambo kuitikia ni msichana wa miaka saba. Mama huita. Kisha kabla ya jibu kunakuwa na kimya kidogo, na katika kimya hicho hakuna hata mmoja wetu anayekohoa.