Msiba wa Tulia Kituoni

Hapo zamani za kale, lakini si kale sana, maana jua lilikuwa tayari limeanza kugeuzwa umeme juu ya mabati, wanyama wa Matopeni waliishi kama tunavyoishi sisi. Walikuwa na nyumba, na majirani wa kuwasema, na kituo cha polisi. Sogeeni basi. Na wewe unayemfinya mwenzio huko nyuma, nimekuona.

Hapo Matopeni alikaa Nguchiro na mama yake, Bibi Sikudhani. Nguchiro mnamjua, kimwili kidogo, mkia mrefu, macho hayatulii. Mama yake alikuwa mgonjwa wa moyo, na miguu haikumbeba tena. Kila Alhamisi ilikuwa lazima afikishwe kwa Daktari Korongo, ng'ambo ya mbuga, akachomwe sindano. Akiikosa anavimba, pumzi inambana, na usiku mzima anakaa kitako kwa sababu akilala anazama.

Aliyekuwa akimbeba ni Tulia.

Tulia ilikuwa skuta ya umeme. Haikunywa mafuta wala haikutoa moshi. Ililishwa jua kwa waya ulioshuka kutoka kwenye paneli ya sola juu ya bati, na ikishiba inafungua jicho dogo la kijani pale mbele. Basi, unapanda, unakwenda. Ngurumo hakuna. Ukifumba macho huwezi kujua kama imepita.

Sasa sikilizeni desturi ya Matopeni, msije mkaniuliza baadaye. Kule chombo cha kupanda kilihesabiwa mtu wa nyumbani. Kinapewa jina, asubuhi kinasalimiwa, na siku kikikata roho kinaliliwa na kuzikwa kama mtu. Na mpaka kizikwe, waombolezaji wote wanalishwa na mwenye uwanja kilipokatia roho. Hata kama si chake. Hata kama alikiazima tu kwenda sokoni mara moja. Hilo halikuwa na mjadala.

Mkuu wa kituo alikuwa Afande Kiboko, na mwili wake mnaujua pia. Asubuhi moja ya Alhamisi alisimama katikati ya barabara, daraja kalipa mgongo, akiwafokea vijana wake kuhusu viatu vichafu. Tulia ikaja nyuma yake, kimyaaa. Nguchiro akabonyeza honi, "Ti!" Afande akaruka, akateleza, akaenda kukaa mtaroni, chubwi! Vijana wake walijaribu wasicheke. Walijaribu sana, ila Koplo Nyati alishindwa.

Hapo ndipo kosa la Nguchiro lilipopatikana. Afande alipanda kutoka mtaroni tope likimchuruzika, akatangaza kwamba chombo kisichonguruma ni chombo cha mwizi, kwa sababu mwizi peke yake ndiye asiyetaka kusikika. Tulia ikakokotwa mpaka yadi ya kituo. Bibi Sikudhani, aliyekuwa amepakiwa nyuma akienda kwenye sindano yake, akaachwa kando ya barabara na kikapu chake mapajani.

"Siku kitakaponguruma nikakisikia kwa masikio yangu haya," Afande akasema, "siku hiyo utakichukua."

"Afande, hii haingurumi. Imeumbwa hivyo."

"Basi itakaa."

Jamani, Nguchiro alihangaika. Alimwomba kwa upole, akamwomba kwa kupiga magoti, akamweleza habari ya mama yake mpaka koo likakauka. Akajibiwa aende kwa mkubwa, Mzee Tembo. Akaenda. Mzee Tembo alikuwa amepumzika. Akarudi kesho yake, Mzee Tembo alikuwa bado amepumzika, na alipoamka alisema suala hilo ni la Afande Kiboko. Nguchiro akafunga makopo matupu kwenye gurudumu la nyuma ili walau yapige kelele. Koplo Nyati akayapiga teke, akasema hiyo ni sauti ya makopo, si sauti ya chombo. Kituo kizima kikacheka, hata mahabusu.

Ilipofika Alhamisi nyingine akambeba mama yake mgongoni. Mmemwona Nguchiro alivyo? Alifika kwenye kichuguu cha kwanza tu, magoti yakamgoma. Wakakaa pale, mama na mwana, juani. Bibi Sikudhani midomo ilikuwa imeanza kubadilika rangi.

"Niache tu, mwanangu," akasema. "Umejitahidi."

Magoti yalipopata nguvu, Nguchiro akambeba tena. Alimrudisha nyumbani, akamweka kwenye mkeka karibu na mlango apate hewa, halafu akakimbia peke yake mpaka kwa Daktari Korongo kuuliza kama sindano inaweza kubebwa. Haiwezi, akaambiwa, inaharibika na joto. Na Daktari akamwambia pole pole, akitazama chini, kwamba Alhamisi ijayo Bibi asipofika, basi ile inayofuata asijisumbue kumleta.

Wanangu, mmeshawahi kuona mtu mwerevu akikosa la kufanya? Mtu mjinga amezoea. Mwerevu anaumia zaidi, kwa sababu kila saa anajiambia lazima iko njia, ila yeye tu ndiye haioni. Ndivyo alivyokuwa Nguchiro. Usiku alisikiliza mama yake akivuta pumzi, akawa anavuta naye, kana kwamba anaweza kumsaidia.

Alhamisi ile ya mwisho ilipofika, alikwenda kituoni asubuhi bila ujanja wowote mfukoni. Alikwenda kuitazama tu. Akapenya chini ya seng'enge, akaifuata Tulia ilikotupwa, katikati ya mabaiskeli yenye kutu. Na akaona jicho lake limefumba. Siku zote zile lilikuwa likififia, likififia, na sasa jua la tumboni lilikuwa limekwisha. Kijani hakuna.

Nguchiro akakaa chini, akaegemea gurudumu, akalia. Hakuililia Tulia, maana alijua vizuri kwamba ikipewa jua itaamka. Alimlilia mama yake. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, kilio kile kinachotoka chini kabisa tumboni ambacho hata ukitaka kukinyamazisha hakisikii.

Sasa, kilio cha namna hiyo Matopeni hakiachwi kilie peke yake. Wa kwanza kuja alikuwa Bi Chiriku, ambaye msiba haumpiti. Akafunga kitambaa kichwani huku anatembea. Nyuma yake wakaja akina mama Swala, na Nungunungu na wakwe zake, na Kima ambao hawajulikani hata walitokea wapi. Wakapita getini moja kwa moja, kwa sababu watu wakija kulia hawazuiwi. Bi Chiriku akainama akamuuliza nani amefariki. Nguchiro, kwikwi imemshika, akainua mkono. Akaonyesha kidole upande wa nyumbani kwao, lakini mkono ulikuwa umechoka, ukaangukia kwenye skuta.

Bi Chiriku akaitazama Tulia. Akatazama jicho lililofumba. Akashika kichwa.

"Yoo! Tulia wetu! Kafia mahabusu!"

Wote wakapokea. Uwanja ukajaa.

Nguchiro akafungua mdomo kumsahihisha. Kweli kabisa, alitaka kusema hapana, haijafa, ina njaa tu. Lakini wakati huo huo Afande Kiboko alitoka ofisini kuuliza kelele za nini, akaambiwa. Na Nguchiro, kwa macho yake yale yasiyotulia, akaona kitu. Afande hakuitazama skuta. Aligeuka kwanza akatazama mlango wa stoo ya chakula.

Maana mvua za masika zilizopita, pikipiki ya Afande mwenyewe, iliyoitwa Radi, ilifia hapo hapo uwanjani. Waombolezaji walitoka hadi milimani. Wakala mihogo, wakala maharage, wakala na mbegu zilizowekwa za kupanda. Afande alikonda mpaka mkanda ukawa unamvuka. Hadi leo akisikia kengele ya msiba analinda sahani.

Nguchiro akafunga mdomo.

Msidhani ilikuwa rahisi. Kumlilia asiyekufa ni kuchuria, na nyumbani kwake kulikuwa na mgonjwa. Aliona kama anamwita mauti kwa jina na kumwelekeza nyumba. Lakini alikumbuka ile midomo ya mama yake pale kwenye kichuguu, akainamisha kichwa juu ya usukani, akalia zaidi.

Afande akaja akabonyeza kitufe cha kuwashia. Kimya. Akabonyeza tena.

"Hiki tangu mwanzo kilikuwa hakina sauti," akasema.

"Jicho lilikuwa wazi siku ulipoikamata," Bi Chiriku akamjibu. "Barabara nzima tuliliona. Leo je?" Halafu akauliza, kwa adabu zote, chungu kinatelekwa upande gani.

Afande akamchukua Nguchiro pembeni. Sauti yake ilikuwa imeshuka mno, hamngeijua.

"Nguchiro, mwanangu. Pole sana. Mchukue maiti wako, ukampumzishe nyumbani."

"Ahsante, Afande, lakini sichukui. Kafia mikononi mwako." Akafuta machozi. "Halafu hatuziki mpaka ukoo wa milimani ufike. Nguchiro wote. Watachelewa kidogo, wanatembea kwa miguu, maana usafiri wenyewe ndio huo umelala."

"Wako wengi?"

"Wanazaana, Afande."

Afande akatazama stoo. Uwanjani akina Kima walikuwa wameshakaa wamekunja miguu, wanangoja sahani. Akasema itakuwa heri zaidi azikwe leo hii hii. Nguchiro akasema ukoo utamlaumu. Afande akasema lawama atazibeba yeye, mgongo anao. Nguchiro akavuta kamasi, akasema liko jambo moja linamzuia. Kwao mahabusu hazikwi. Atazikwaje chombo cha mwizi, aende huko alikokwenda na jina hilo?

Ndipo Afande Kiboko akapanda juu ya ngazi ya ofisi, mbele ya wote, akatangaza kwa ile sauti yake kubwa kwamba Tulia hakuwa na kosa, kwamba yupo huru kuanzia sasa hata milele, na kwamba yeye Afande hatamdai neno tena. Akamwamuru Koplo Nyati ambebe. Geti likafungwa nyuma yao haraka, na ndani likasikika komeo.

Wakaenda, Nyati mbele na Tulia mabegani, kilio nyuma. Walipofika darajani Nyati akajikwaa. Tulia ikatikisika, na yale masalia ya jua yaliyokuwa yamejificha tumboni yakashtuka.

"Ti!"

Nyati akaganda. Masikio yote mawili yakasimama.

"Amekusemesha," Nguchiro akamwambia taratibu. "Nadhani anakumbuka yale makopo."

Nyati alikimbia na skuta mabegani mpaka mlangoni kwa Bibi Sikudhani, akaitua, akaondoka bila kugeuka.

Nguchiro akafika nyuma yake, mbio. Mama yake alikuwa amelala chali kwenye mkeka, amenyooka, mikono imepangwa pembeni, uso umefunikwa khanga.

Alijua ni yeye kamwita mauti. Alijua ni kilio chake. Alianguka magotini, akalishika pindo la khanga na asithubutu kuifunua. Waombolezaji walipowasili wakanyamaza, kwa sababu sasa hawakujua wanamlilia nani.

Khanga ikatikisika.

"Mbona mmenyamaza?" Bibi Sikudhani akauliza kwa pumzi ya kuokota. "Nimesikia kilio tangu mbali, nikasema kama ni changu, basi nijinyooshe mwenyewe, nisikupe kazi."

Bi Chiriku alicheka hadi akakaa chini. Nungunungu akacheka, akina Kima wakagaragara. Nguchiro hakucheka. Alimkumbatia mama yake, halafu akaenda kuchomeka waya. Jua lilikuwa utosini. Akakaa akilitazama jicho la Tulia, akihesabu pumzi za mama yake, mpaka kijani kikarudi.

Njia ya kwa Daktari Korongo ni moja tu, nayo inapita mbele ya kituo. Nguchiro alimfunga mama yake kwa khanga ile ile, kiunoni kwake, wakaondoka. Afande Kiboko alikuwa amekaa kibarazani, amefumba macho, anashukuru kwa mihogo yake iliyosalia. Upepo mdogo ukampita usoni.

"Nyati," akaita. "Kuna kitu kimepita?"

"Sijasikia kitu, Afande," Nyati akajibu kutoka chini ya meza.

Sindano ilichomwa kabla jua halijazama. Nami naishia hapo walipoishia wao. Na mliyoyapata ni haya: mwenye nguvu akikataa kuona unacholilia, mtazame yeye analinda nini.