Kadhi Aliyekosa Pa Kula

Hapo zamani, na aliyekuwapo anisahihishe, palikuwa na kisiwa kiitwacho Mwambakaa, kidogo hata mtu akipiga chafya upande wa mashariki, mwenzake wa magharibi humwombea dua. Lakini kila kilicho katika nchi kubwa, kisiwani kilikuwako: palikuwa na Sultani, palikuwa na baraza la hukumu, na palikuwa na jela ya chumba kimoja, ambamo kwa uhaba wa wafungwa walilala mbuzi.

Kadhi wa kisiwa alikuwa Sheikh Burhani, mtu mkavu mwenye sauti ya upole. Siku moja Sultani Darweshi akamwita, akamwambia, "Kisiwa kidogo hiki, ya nini vichwa viwili?" Akamvua kilemba cheupe cha ukadhi, akamfanya karani. Tangu siku hiyo Sultani akawa na vilemba viwili: akivaa chekundu ni Sultani, akivaa cheupe ni kadhi. Akaapa mbele ya watu kuzishika sheria zilizochongwa na babu yake juu ya mlango wa baraza, ingawa hakupata kuzisoma, maana kusoma kwake kulihitaji kuinua shingo.

Basi kisiwani humo alikaa maskini mmoja, Shaame Kitwana, hana shamba, hana ng'ombe, hana hata mke wa kumgombeza. Alikuwa na kibanda, na nyuma ya kibanda kisima chenye maji matamu. Watu wakiteka humo bila kizuizi, nao kwa shukrani wakimkaribisha chakula. Ikawa Shaame hajui jiko huwashwaje. Leo yuko huku, kesho yuko kule, na sinia likitua chini tu, yeye yupo mlangoni anapiga hodi.

Sultani akakitamani kile kisima. Alikuwa na mabata bukini kumi na wawili, naye alitaka wapate mahali pa kuogelea. Akamwita Shaame barazani, na watu wote wakaja, kwani kisima kikienda kwa mabata, wao watakunywa nini?

Sultani akasimama chini, penye nafasi ya mshitaki, kavaa kilemba chekundu, akakielekea kiti kitupu cha kadhi, akanena kwa sauti kuu:

"Ewe kadhi mwadilifu! Mimi Sultani nashitaki. Kila paa la kisiwa hiki ni langu, kila chungu ni changu, na kila kaa atembeaye pwani ni wangu. Kilichobaki ni kibanda cha huyu Shaame tu, ambacho babu yangu alimpa babu yake siku aliyokuwa na homa. Na maji ya kisima chake hutoka chini ya jumba langu, yakanyapa kimyakimya mpaka kwake. Huu ni wizi!"

"Andika, karani," akaongeza.

"Naandika, bwana wangu," akajibu Sheikh Burhani. "Kila paa, kila chungu, kila kaa."

Sultani akapanda ngazi akihema, akabadili kilemba, akaketi kitini, akatazama pale chini alipokuwa amesimama. "Ewe mshitaki," akasema, "umenena vizuri mno." Akawa karibu kushuka tena ili ajibu ahsante.

Kisha akamgeukia Shaame. "Nawe, niletee shahidi aliyeyaona maji yako yakiingia ardhini, atuambie yaliingilia wapi. Ukimkosa, kisima ni cha Sultani, nawe utalala jela na mbuzi."

Watu wakaguna. Bibi mmoja akasema, "Shahidi wa chini ya ardhi? Labda fuko!"

Shaame akainamisha kichwa. "Kadhi wangu, ninaye shahidi. Si kwamba aliyaona tu, bali ndiye aliyeyaleta na kuyaingiza. Ila amesafiri. Je, wamkubali, na utamngoja?"

Sultani akawatazama watu, akapenda jinsi walivyomtazama. "Mimi si dhalimu. Namkubali, nitamngoja. Andika, karani. Jina lake?"

"Mvua ya masika, bwana wangu."

Baraza zima likacheka, na Sultani naye akacheka hata kilemba kikamwinamia sikioni. "Na huyo mvua atafika lini?"

"Miezi miwili, akijaaliwa."

"Vema! Mabata wangu wana subira." Akasimama, maana harufu ya pilau ilikuwa imeshuka kutoka jumbani, ikapita barazani, na kila pua ikaifuata.

"Kadhi wangu," akasema Shaame, "waenda wapi?"

"Kula."

"Nyumbani kwa nani?"

"Kwangu, ewe mpumbavu! Nitakula kwa nani?"

"Kwako wewe, au kwa mshitaki?"

Sheikh Burhani, ambaye miaka yote hiyo alikuwa akisubiri mtu amwulize, akainuka taratibu, akaielekeza kalamu yake juu ya mlango, akasoma: "Kadhi asile wala asinywe cha mshitaki wala cha mshitakiwa, mpaka kesi iishe. Na shahidi akikubaliwa, hukumu imngoje."

"Basi nitakula kwa waziri," akasema Sultani.

"Kila paa," akasoma Sheikh Burhani katika daftari.

"Wataniletea chungu hapahapa uwanjani!"

"Kila chungu."

Sultani akatazama pwani kwa huzuni.

"Na kaa pia, bwana wangu," akasema karani kwa upole. "Nimeandika."

"Kimebaki kibanda changu tu," akasema Shaame, "nami ni mshitakiwa. Tena, kusema kweli, hamna kitu."

Basi Sultani akaketi. Jua la kiangazi likapanda, likasimama, likaanza kuteremka. Watu wakaenda kwao wakala, wakarudi wakichokonoa meno. Mpishi akatuma mjumbe kwamba pilau inapoa. Akatuma wa pili kwamba imepoa. Wa tatu akasema mabata wameonja. Laasiri ilipoingia, midomo ya Sultani ilikuwa imekauka kama ngozi ya ngoma, na tumbo lake likanguruma hata mbuzi wa jela wakaitikia.

Akatazama mbinguni. Hapakuwa na wingu hata la kufutia kidole.

Ndipo akainuka, akavua kilemba cheupe, akavaa chekundu, akashuka, akasimama mbele ya kiti kitupu. "Ewe kadhi," akanena kwa sauti ndogo, "naiondoa kesi yangu."

Akapanda, akabadili kilemba. "Kwa sababu gani, ewe mshitaki?"

Akashuka, akabadili tena. "Kwa sababu kadhi una njaa, na njaa yako inaniuma mimi!"

Hapo akajisikia mwenyewe, akaangua kicheko, akacheka hata akashikilia nguzo, na baraza likacheka pamoja naye, safari hii bila woga. Kabla hajakumbuka pilau, akaenda mbio kisimani kwa Shaame, akanywa kata tatu mfululizo, akapangusa ndevu.

"Shaame," akasema, "kisima ni chako, wewe na uzao wako. Tena twaa kilemba hiki cheupe. Uwe kadhi wa Mwambakaa."

Shaame akaruka nyuma kana kwamba ameonyeshwa nyoka. "La hasha, bwana wangu! Nimekukosea nini?"

"Wakataa cheo?"

"Kadhi hali kwa wenye kesi, na kisiwa hiki nani hana kesi? Mimi tangu kuzaliwa nala kwa watu. Ukinivika hicho, Ijumaa mtanizika. Mpe Sheikh Burhani, ambaye mkewe anajua kupika."

Ikawa hivyo. Sheikh Burhani akavikwa kilemba chake, akakipinda upande kama alivyozoea, akaenda kwake kula samaki wake. Sultani naye akapanda jumbani, na alipofika akakuta sinia limekwisha andaliwa, na mlangoni mtu anapiga hodi.

"Nani?" akauliza.

"Shaame," ikajibu sauti. "Kesi si imekwisha?"

Wakala wote wawili sahani moja, na ilipooshwa sahani, hekaya nayo ikafunikwa.