Kuku wa Zimwi

Paukwa!

Pakawa!

Kilichovunjika?

Kiungwe!

Hapo kale palikuwa na msichana, jina lake Kidawa. Mama yake alikuwa muunga mifupa. Kila alipomfunga mtu mguu, alimvunja kuku mguu pia, akamfunga vivyo hivyo. Kuku akianza kutembea, watu hujua mgonjwa naye amepona.

Siku moja Kidawa alikwenda kuokota kuni. Mara mkono wenye manyoya ukamdaka kiunoni. Lahaula! Zimwi! Limelala chali kando ya jiwe, mguu umepinda kama mundu.

"We mtoto wa muunga mifupa, niunge! Usiponiunga, nakumeza."

Kidawa akajivuta ajinasue, wapi!

"Niunge!"

"Ni... nitakuunga, babu. Lakini niachie. Shika jiwe kwa mikono miwili, nikunyooshe."

Basi zimwi likashika jiwe. Kidawa akavuta. Ko! Mfupa ukaingia mahali pake. Zimwi likapiga ukelele, ndege wote wakaruka. Akaufunga mguu kwa vijiti na kamba za mgomba.

"Sikiliza, babu. Humo ndani damu itaganda kama uji. Kisha itakuwa gegedu, laini kama la sikio. Kisha itakuwa mfupa. Usisimame. Usikanyage. Usijitikise. Ukijitikisa, uji unamwagika, kazi inaanza upya."

"Nimesikia. Na kuku wangu yuko wapi?"

"Kuku gani?"

"Usinifanye mjinga! Kila mgonjwa wa mama yako ana kuku wake." Zimwi likautazama mguu wa Kidawa, likalamba midomo. "Lete huo, kuku wangu, niuvunje."

Kidawa alishtuka. Akarudi nyuma.

"Njoo!"

Akarudi nyuma.

"Njoo!"

Akarudi nyuma.

"Njoo, nimesema!"

"Nifuate, babu."

Zimwi likautazama mguu wake uliofungwa. Likamtazama Kidawa. Kidawa akatimua mbio mpaka nyumbani.

"Umeunga mguu wa zimwi?" Mama akajishika kichwa. "Vizuri?"

"Vizuri, mama," Kidawa akaangua kilio.

"Ole wetu! Basi tumwombe Mungu lisitulie."

Na kweli, halikutulia. Kila likinusa harufu ya mtu, linasimama. Ko! Uji unamwagika. Mpaka leo liko pale pale, linaugua.

Hadithi yangu imekomea hapo, wanangu. Muunga mifupa hufunga tu. Anayeponya mguu ni mwenye mguu, akikubali kutulia.