Fungu la Wengineo

Wapendwa, kabla sijafungua mfano wa leo, niseme kosa langu. Nilipopewa kazi ya kugawa waumini wa mtaa wetu katika jumuiya za kusali nyumba kwa nyumba, kuna watu niliokosa pa kuwaweka: wale wapangaji wa nyuma ya mashine ya kusaga, leo wapo, kesho wamehama. Nikawaandika "Wengineo", nikafunga kazi, nikaenda kula. Nitarudi hapo. Kwanza nisikilizeni.

Kulikuwa na fundi mmoja wa kompyuta katika hospitali fulani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa hofu. Simu ikilia tu, anadhani ni mashtaka. Alichokiogopa zaidi ni siri za wagonjwa kuvuja, halafu aambiwe ni yeye aliyeacha mlango wazi.

Sasa, katika kompyuta kubwa ya hospitali ile yalikaa majina ya watumishi wote, yamechanganyika kama nguo za mnadani. Fundi akaamua kuyapanga kwa mafungu. Akaunda fungu la Madaktari, la Wauguzi, la Famasi, la Uhasibu, na kila jina akalivuta mpaka mahali pake. Faida ya mafungu, ndugu zangu, ni kwamba amri ukiiweka juu ya fungu inamshukia kila aliyemo. Huna haja ya kumfuata mmoja mmoja. Faida yake ni hiyo, na hatari yake ni hiyo hiyo.

Ijumaa jioni yakabaki majina yasiyo na kwao. Mkunga aliyeazimwa kutoka zahanati ya jirani. Mzee anayeombea wagonjwa wodini. Wanafunzi wa mazoezi. Huyu nani? Na huyu je? Fundi alikuwa hoi. Akaunda fungu la mwisho, akaliita Wengineo, akayazoa yote yaliyobaki kwa mkupuo mmoja, akayatupa humo bila kuyasoma. Juu yake akaweka amri nzito kuliko zote: wasifungue faili la mgonjwa yeyote, wasiguse mipangilio yoyote. Akazima kompyuta yake, akashusha pumzi. Akajiambia, "Angalau wikiendi hii nitalala."

Jumatatu asubuhi, hata kiti hakijapata joto, simu ikalia.

"Fundi, ni mimi mkunga, wodi ya wazazi. Nina mama ameletwa hajitambui, nataka kumchoma sindano. Mume wake anasema kuna dawa iliwahi kutaka kumuua, jina halikumbuki. Iko kwenye faili, na kompyuta inanikatalia!"

"Uko fungu gani?"

"Fungu gani tena, baba? Mtu anakata roho hapa, wewe unaniuliza fungu?"

Fundi akawasha kompyuta yake ili amtoe yule mkunga kwenye Wengineo. Kioo kikamjibu: huna ruhusa. Akazima, akawasha tena. Huna ruhusa. Ijumaa, yeye mwenyewe, alijiweka wapi?

Mnajua alijiweka wapi? Hakujiweka popote! Aliwapanga watu wote akajisahau, na alipozoa waliobaki, jina lake lilikuwamo. Amri aliyowatungia wenzake ilimsubiri awashe kompyuta tu, ikamnasa.

Akatoka mbio mpaka dirisha la famasi.

"Dada, nifungulie faili la yule mama aliyeletwa wodi ya wazazi hajitambui, kuna dawa inayomdhuru, upesi!"

Dada wa famasi akacheka. "Leo wewe ndiye unaomba? Si wewe unayetufungia kila siku? Haya, uko fungu gani, mheshimiwa?"

"Niko Wengineo, dada yangu. Nakusihi."

Kicheko kikakatika. Yule dada akafungua faili, akasoma jina la dawa, akanyanyua simu kumpigia mkunga. Kule wodini sindano ilikuwa imeshavutwa, iko mkononi. Ilikuwa ni dawa ile ile. Mkunga akaiweka chini, akavuta nyingine.

Mama yule akapona.

Wapendwa, sisi tunapenda kupanga. Huyu wa kwetu, huyu mgeni, huyu ameachika, yule anaonekana Krismasi tu. Je, tumewahi kutazama majina yetu wenyewe yameangukia wapi? Mbele za Mungu, mimi na wewe hatukuwa na fungu la kujivunia. Tulifika dirishani tukitweta, mikono mitupu, na aliye ndani akatufungulia. Basi sisi tunapata wapi ujasiri wa kumuuliza mtu, "Uko fungu gani?"

Sasa nirudi kwenye kosa langu. Kati ya wale wapangaji alikuwamo mama mmoja aliyefiwa na mtoto. Jumuiya ya juu ilidhani ni wa jumuiya ya chini. Ya chini ikadhani ni wa juu. Matanga yote alikaa na jirani mmoja tu, ambaye hata si wa dini yetu. Mimi nilisikia baada ya mazishi. Nimekwenda kwake kuomba radhi, naye amenisamehe, na ameniruhusu niseme haya. Lakini mpaka asubuhi hii hana jumuiya. Yuko pale, benchi la nyuma, karibu na mlango.

Naomba jambo moja. Jumatano hii jumuiya moja, yoyote ile, ikasali nyumbani kwake. Atakayempokea, tafadhali anyooshe mkono sasa, kabla hatujaimba.