Mtungi wa Kwanza wa Nakijwa

Hapo zamani, wala si zile za majitu, maana zahanati ilikwishajengwa na bati lake lilikuwa bado linang'aa, aliishi milimani mwanamke mfinyanzi, jina lake Nakijwa. Mitungi yake ilijulikana mpaka tambarare. Aliyetaka mtungi alisubiri zamu yake, na alisubiri bila kununa.

Nakijwa alikuwa na mbuzi. Mama wa mbuzi huyo alikufa siku ya kuzaa, Nakijwa akamlea kwa maziwa ya kibuyu, akakua anamfuata mpaka kwenye machimbo ya udongo. Siku moja akamwacha nyumbani. Siku hiyo hiyo wageni wakaingia ghafla, na mumewe, Senkondo, hakuwa na kitoweo. Akachinja. Nakijwa akarudi amechoka, akapewa supu, akanywa, akasifu, akaomba tena. Halafu akatoka nje kumwita mbuzi wake.

Kilio chake sitakisimulia. Alipomaliza kulia alisimama mbele ya mumewe, mbele ya wifi yake Namcheja, mbele ya wageni wenye mafuta midomoni, akasema, "Naapa. Kuanzia leo nitakula mboga tu, mpaka nife."

Na kweli. Nyama akaacha. Samaki akaacha. Mayai, maziwa, hata samli, akaacha. Watu walimcheka, naye akawaacha wacheke.

Mwaka wa kwanza, hakuna kitu. Akafinyanga, mtungi ukasimama. Mwaka wa pili, hakuna kitu. Akafinyanga, mtungi ukasimama. Mwaka wa tatu akaanza kuchoka, na si kuchoka kwa kazi. Akilala anachoka, akiamka amechoka. Ulimi ukawa mwekundu, unawaka. Akitembea anaona kama anakanyaga pamba. Kisha vidole vikaingia ganzi. Sasa mnajua, unene wa mtungi haupimwi kwa macho, hupimwa kwa vidole. Akafinyanga, mtungi ukapinda shingo. Akafinyanga, mtungi ukapasuka ubavu. Akafinyanga wa tatu, huo hata motoni haukufika.

Jirani mmoja akasema ni malaria. Mwingine akasema ni mimba. Wengi wakasema ni jicho la watu.

"Semeni mnavyotaka," Nakijwa akawaambia. "Mimi naogopa. Mikono hii ikifa, mimi ni nani? Basi sikilizeni. Atakayenirudishia vidole vyangu, mtungi wa kwanza nitakaoufinyanga ni wake."

Kijijini kwao mtungi wa shukrani lilikuwa jambo kubwa. Uliwekwa mlangoni, na kila aliyekunywa maji yake alitaja jina la mwenye mtungi. Watu wakaondoka wanawaza.

Sasa tegeni masikio, maana hapa mambo yanafungamana.

Namcheja, yule wifi, ndiye aliyekuwa anapika tangu Nakijwa alegee. Asubuhi moja alimkuta hawezi hata kukaa kitandani. Akakaanga dagaa, akawatwanga wakawa unga, akachanganya na karanga, akaunga mchicha. Siku ya kwanza, siku ya pili, kila siku. Nakijwa, ambaye ulimi wake haukujua tena ladha, alikula akasema, "Wifi, siku hizi una mkono." Namcheja akainama akaendelea kukoroga. Mwezi ukapita, Nakijwa akasimama. Mwezi wa pili akatembea mpaka zahanati. Vidole bado.

Pale zahanati palikuwa na tabibu kijana, binti aitwaye Eliaichi. Akatazama ulimi, akatazama viganja, akauliza, "Mama, unakula nini?" Nakijwa akaeleza kiapo chake, na Eliaichi hakucheka.

"Hili si jicho la mtu," akasema. "Kuna vitamini ya damu na mishipa ya fahamu. Imo kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa. Kwenye majani haimo. Mwili huweka akiba, ndiyo maana miaka miwili ulikuwa mzima. Akiba imekwisha. Ila ipo ya sindano, inatengenezwa kwa vijidudu, haina mnyama ndani. Kiapo chako utabaki nacho. Tatizo ni moja, hapa kwangu sina."

Senkondo alikuwa amesimama mlangoni. Hakungoja kuagizwa, akashuka tambarare kuzitafuta hizo sindano. Mvua zilikuwa zimebomoa daraja na gari hazipandi. Akatembea siku mbili, akavuka mto kwa kamba, dawa kaifunga kichwani. Zilikuwa chache, hazikutosha. Akashuka tena. Safari hii mto ukamzoa, akatoka na mguu umevunjika na dawa ni kavu. Mguu ule haukunyooka tena.

Sindano zikachomwa. Siku zikapita, nyingi, mpaka siku moja Nakijwa akashika udongo, akausikia. Akausikia! Alicheka peke yake kama mwehu. Akafinyanga, mtungi ukasimama. Akauchoma, ukatoka mwekundu, mzuri.

Watatu wakaja uani.

Senkondo akasema, "Mke wangu, mtungi ni wangu. Maneno hayakurudisha vidole. Sindano ndiyo iliyorudisha, na sindano nimeileta kwa mguu huu."

"Na mbuzi ulimchinja kwa mkono upi?" Nakijwa akauliza.

Senkondo akauinua mkono wake. Kisha akasema, "Kwa huu wa kulia. Kosa ni langu, sikatai. Ndiyo maana nilishuka mara mbili."

Eliaichi akasema, "Angeshuka kufuata nini kama nisingesema? Kijiji kizima kilikuwa kinatafuta mchawi. Mtungi ni wangu."

Namcheja akasema mwisho, kwa sauti ndogo. "Na alifika kwako kwa nguvu gani, Tabibu? Wifi, nisamehe. Miezi yote ile ulikuwa unakula dagaa. Mtungi ni wangu."

"Namcheja!" Senkondo akafoka. "Mimi nilichinja mbuzi. Wewe umemchinjia kiapo chake!"

"Kiapo kilisema mboga, kaka. Mtu akikuuliza hapa leo mboga nini, hujibu dagaa? Na Tabibu alijua. Nilimwambia nyuma ya zahanati, akaniambia nisiache mpaka sindano zifike."

Nakijwa akamgeukia Eliaichi. "Ulijua?"

"Nilijua. Bila wale dagaa ungeletwa kwangu kwa machela, au usingeletwa kabisa. Niliogopa nikikwambia utaacha kula."

"Ningeacha," Nakijwa akasema. "Na hilo lilikuwa langu kuamua."

Machozi yakamtoka. Alilia kwa hasira, akalia pia kwa sababu yu hai, na hakuweza kutenganisha kilio hiki na kile. Mikono yake ilikuwa imeukumbatia mtungi, na vidole vilikuwa vinasikia kila chembe ya mchanga.

Haya, ni zamu yenu. Msiniambie aupasue vipande vitatu, kwani maji mtatia wapi? Wala msiniambie afinyange mingine miwili. Alisema wa kwanza, na wa kwanza ni mmoja. Senkondo kauegemea ukuta, mguu unamuuma. Eliaichi anatazama chini. Namcheja amebaki palepale, hajaomba msamaha mara ya pili.

Ninyi mnaotaka apewe Namcheja, mngekubali awapikie? Na ninyi mnaotaka anyimwe, mngependa Nakijwa awe amekufa na kiapo chake kizima?

Je, nani alistahili?