Kwa Nini Tunampa Pole Aliye Hai

Haya, punguzeni makelele. Asiyetaka kusikia akalale, mimi sibembelezi mtu.

Zamani, katika mji wa Mchangamle, neno pole lilikuwa la waliofiwa tu. Usipofiwa, hulisikii ng'o! Ulime mpaka mgongo ukatike, ujikwae ung'oke kucha, ushikwe na homa, watu wanakupita kimya. Kumpa pole mtu asiyefiwa ilikuwa ni kumwombea msiba, na aliyethubutu alifukuzwa mjini kama mchawi. Mambo ya ajabu, lakini ndivyo walivyokuwa.

Basi kijana mmoja, Kombo, akaoa ng'ambo ya mto, akamleta mkewe, Mize. Masikini, hakuna aliyemwambia mwiko huo. Siku moja mama mkwe wake, Bi Time, alirudi na mzigo wa kuni, jasho linamtiririka, shingo imemkakamaa. Mize akatoka mbio, akamtua mzigo, akasema kwa adabu, "Pole, mama."

Lo! Bi Time alipiga yowe, uani pakajaa watu. "Mwanangu ni huyu mmoja tu! Ananiombea Kombo afe!"

Mize akasimamishwa juani mbele ya jumbe. Kombo alilia mbele za watu bila haya, kwa kuwa alimpenda mkewe, na jumbe alikwisha kusema arudishwe kwao kabla jua halijatua.

Alipoulizwa kama ana la kusema, Mize akajibu: "Sikumwombea mtu kifo. Nilimwona mama amechoka. Kwetu mtu akichoka anapewa pole."

Watu wakaguna. Ikabaki Bi Time athibitishe mashtaka yake. Lakini akamkumbuka marehemu mumewe. Siku ya maziko mji mzima ulikuja kumpa pole, lakini miaka yote aliyomuuguza, akimgeuza na kumlisha peke yake, hakusikia neno kwa mtu. Machozi yakamtoka, na hasira pia.

"Kumbe nyinyi mnangoja mtu afe!" akawafokea. "Nimeuguza mpaka nikakonda, nani aliniona? Huyu mtoto ameniona kwa mzigo mmoja wa kuni. Basi haendi kokote!" Akavua kanga yake ya begani, akamfunika Mize kichwani. "Pole, mwanangu. Nimekuchomesha jua bure."

Watu wakashika vifua, wakingoja mtu aanguke. Hakuanguka mtu. Ndipo bibi mmoja akajitoa mhanga: "Na wewe jumbe, pole na hilo goti." Jumbe, aliyechechemea miaka mingi, akainama akifuta macho. "Asante," akasema. "Linaniuma kweli."

Weee! Vigelegele vilivyopigwa hapo! Mize akabebwa juujuu mpaka nyumbani kwake, Bi Time mbele akicheza, na njia nzima watu wanapeana pole za miaka.

Na tangu siku hiyo ukijikwaa, pole. Ukitoka shambani, pole na kazi. Ukirudi safari, pole. Hata ukipaliwa na maji, pole. Mgeni akishangaa, mwacheni ashangae. Sisi hatungoji mtu azikwe.