Ulezi wa Tajiri Mwaipopo

Kampuni ya mbegu za nyasi ya akina Kasebele ilitunza jina lake miaka hamsini, na tajiri Mwaipopo akataka kulichafua kwa asubuhi moja.

"Mmenipandia vumbi!" alifoka mbele ya majirani zake, akionyesha uwanja wake ambao nyasi za kampuni hazikuota. "Pandeni upya uwanja mzima, tena bure, la sivyo nitawatangaza redioni!"

Bi Atuganile, mpandaji wa siku nyingi wa kampuni, aliinama akachota udongo. Ulikuwa mkavu kama unga.

"Ulimwagilia, mheshimiwa?"

"Asubuhi na jioni, bila kukosa!"

"Basi huenda kosa ni letu," alisema kwa upole, na majirani wakaguna. "Ila katika kila gunia la mbegu huwa tunachanganya ulezi kidogo. Ukipata maji, siku ya nne umeshaota. Wako je, uliota?"

Tajiri alikohoa. "Uliota sana! Ulijaa uwanja mzima, nikaung'oa kwa mikono yangu hii."

"Pole kwa kazi." Bi Atuganile alikung'uta viganja, akamkabidhi mpira wa maji. "Sasa mwagilia, mheshimiwa. Kama ulezi ambao hatukuupanda ulikuotea uwanja mzima, nyasi tulizozipanda zitashindwaje?"